Nyimbo za Lavon Tidmore Zilizoshuka Kimyakimya

Saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi, Lavon Tidmore anaimba mbele ya kuku elfu kumi na nane. Hakuna anayepiga makofi. Anaokota waliokufa usiku, anawatia ndooni, kisha anasimama chini ya feni na kuipandia noti ya juu. Sauti inafika nusu ya njia, inakatika.

"Hawa angalau hawaendi kanisani kunisema," anasema.

Lavon, 69, ni mfugaji juu ya Sand Mountain, Alabama. Jumapili ndiye sauti ya juu ya kundi la Tidmore, wanaume wanne wanaoimba injili ya kikantri makanisani. Sadaka ikifika dola mia mbili, ukitoa mafuta ya gari, kila mmoja anabaki na hela ya kambare wa kukaanga. Lakini noti ile ya Lavon ndiyo inayowainua watu vitini.

Kesho waliohamia mbali wanarudi kanisani kwao, Pisgah Springs, kula na kuimba kutwa. Kundi la Tidmore ndilo litakaloimba mwisho. Tatizo ni mkono wa Nelda, mkewe na mpiga piano wao, uliovunjika alipoteleza bandani. Kesho piano atapiga binti wa mchungaji, anayefuata kitabu cha nyimbo kilivyo.

Ndipo juzi, mezani, Nelda akaona bora aseme.

"Mume wangu, nyimbo unazoimba siku hizi haziko kwenye sauti ya kitabuni. Nakuanzishia chini yake. Kidogokidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipougua mapafu mwaka jana. Kula, maharage yanapoa."

Lavon hakula. Kilichomnyima usingizi si noti yake, ni Hoyt Gilbreath, besi wao, fundi matrekta. Kila wimbo uliposhushwa kumwokoa Lavon, Hoyt alilazimika kuzama zaidi, mpaka noti za chini zikamkimbia. Akaenda kupimwa koo, hana ugonjwa. Jumatano alitangaza kwamba Jumapili hii ndiyo mwisho wake wa kuimba.

"Mwanamke, umemzika Hoyt akiwa hai!"

"Nilikuwa nakulinda wewe," Nelda anajitetea, akijikuna ndani ya plasta kwa sindano ya kufumia. "Hoyt nilidhani anazeeka tu. Kwani hafanani na mzee?"

Saa nne Lavon yuko gereji, na mpwa wake Kerry, sauti ya kati ya kundi. Miguu ya Hoyt inaonekana chini ya trekta.

"Ndugu Hoyt, toka huko."

"Kama umekuja kunibembeleza, rudi kwa kuku wako."

"Toka, imba mara moja tu."

Kerry anampa sauti ya kuanzia, ile ya kitabuni. Hoyt anashuka, anashuka tena, na noti ya mwisho anaikuta imemsubiri. Spana zinatetemeka kwenye sinia.

Lavon anamweleza yote. Hoyt anatupa tambara ukutani.

"Mwaka mzima, Lavon! Nimeshamwambia mke wangu sina sauti tena. Nililia mbele yake."

"Najua."

"Hujui. Na wewe ya juu utaifikia?"

"Leo kuku wamenikatalia. Ataimba Kerry. Mimi nitachukua ya kati."

Kerry anarudi nyuma. "Mjomba, hiyo naiimbaga kwenye gari tu, vioo nimefunga."

"Basi kesho funga vioo."

Wanajaribu bila yule wa nne. Mara ya kwanza Kerry anapasuka kama jogoo mchanga. Mara ya pili anafika, akitetemeka. Lavon anaitafuta sauti ya kati, anaipoteza, anaipata. Hoyt bado hamtazami, lakini anaimba.

Kesho Lavon anataka kitu kimoja: Hoyt ashuke mpaka chini kabisa, na kanisa zima limsikie. Mwenyewe, anasema, itabidi azoee kuimba bila mtu kugeuza shingo.

"Ila msinisukumie pembeni sana," anawaambia wenzake. "Nelda alinishonea koti jipya kabla hajavunjika mkono."