Jina Kupitia Dirishani

Nilizaliwa Bukhayo, nikaolewa kwa Wateso karibu na Amagoro, na jambo la kwanza nililolipenda huko ni jinsi mtoto anavyopewa jina. Nyanya yake, mamake baba, huchovya kidole kwenye pombe ya wimbi na kumtilia mtoto mdomoni huku akitaja jina. Akinyonya, limekubalika. Akikataa, linatajwa lingine. Ni haki kabisa, kwa sababu ndiye atakayeishi nalo.

Mama mkwe wangu anaishi Malaba, mpakani, anauza ndizi kando ya foleni ya malori. Tangu nikiwa mjamzito alikuwa anakohoa. Kikohozi kilimjia kwa vipindi, kikamkunja, kisha akafuta machozi na kuendelea na hadithi pale pale alipoiachia. Tulikuwa tumekizoea.

Binti yangu alipozaliwa, nilimpeleka kliniki kupimwa uzito kabla ya siku ya jina. Muuguzi akaniuliza kama kuna mtu wa karibu anayekohoa. Nilipomweleza, alisema huenda hicho ni kifaduro. Kinga ya chanjo ya utotoni hupungua, mtu mzima akakipata akadhani ni vumbi, kisha akamwambukiza mtoto ambaye hajafikisha wiki sita za kuchanjwa. Mchanga kama huyu, alisema, pengine hata hakohoi, huacha tu kupumua. Nyanya aje atibiwe kwanza. Nilirudi nyumbani nikisikiliza pumzi za binti yangu njia nzima, na kusema kweli niliogopa sana.

Nilimwomba mume wangu azungumze na mamake. Ghafla akakumbuka kwamba ng'ombe hawajanyweshwa.

Basi siku ikafika, jamaa wameketi, pombe iko tayari, mama mkwe akanyoosha mikono. Mdomo ninao, lakini mbele yake huwa naupima. Siku hiyo nilimwambia, kwa adabu yote niliyolelewa nayo, kwamba asimshike mtoto mpaka atibiwe. Nikamweleza na sababu.

"Kifaduro ni ya watoto," akasema. "Hii yangu ni vumbi ya malori."

"Ndiyo naogopa, mama. Ni ya watoto, na mtoto ni huyu."

Alimtazama mtoto, akachukua kigoda, akatoka nje. Mashangazi wa mume wangu wakanikazia macho. Niliona aibu, nikajua nitaitwa mke aliyemfukuza nyanya, lakini mtoto sikumwachilia. Kisha tukamsikia akikohoa chini ya dirisha, uso ameuelekeza migombani.

"Chovya kidole yako," akaniambia kutoka huko nje. "Jina nitaita mimi."

Nikachovya. Akaita jina la kwanza, mtoto akageuza uso. La pili, akapiga chafya. La tatu, akaking'ang'ania kidole changu, na vigelegele vikaanza nje kabla ya ndani.

Kesho yake mama mkwe alienda kliniki mwenyewe, akalalamikia dawa, akazimeza zote. Hakurudi kwetu hadi kikohozi kilipokwisha na mtoto ameanza chanjo. Alipokuja alinawa mikono, akampakata mjukuu bila kuniuliza, akatoa kichupa cha pombe mkobani na kuchovya kidole.

"Mama, jina anayo tayari," nikamkumbusha.

"Najua," akasema. "Hii si ya jina."

Mtoto akanyonya.