Siku Everline Alipowanyamazisha Wachuuzi wa Jericho

Everline ni fundi cherehani wa sare za shule katika soko la Jericho, mama wa kucheka mpaka aegemee mashine. Ndiye pia mwenyekiti wa kikundi cha wachuuzi, na hapo ndipo kicheko humwishia. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno; ni wazi hawakuwahi kuhudhuria mkutano wa Jericho.

Ofisi ya wadi ilikuwa imewaahidi kiwanja kilicho nyuma ya soko, mradi walete mpango mmoja wa kukitumia Jumatatu asubuhi. La sivyo, kingegeuzwa maegesho ya magari. Kila mkutano uliishia kwa kelele, na Everline aliogopa kweli, maana alikipenda kikundi kile na alikiona kikimfia mikononi.

Jumapili baada ya kanisa aliwagawia karatasi za kukatia nguo. "Leo hakuna kuongea. Andika wazo lako kwa herufi kubwa, usitie jina, kisha mpe jirani aongeze lake chini."

"Hata maombi ya kufungua?" aliuliza Wandera, muuza mitumba ambaye sauti yake hufika Makadara bila kulipa nauli.

"Hata hayo. Tuombe kimoyomoyo."

Wakainamisha vichwa. Mambo yakakwama papo hapo, kwa sababu hakuna aliyejua maombi yameisha. Kila mmoja alifumba macho akingoja Amina ya mwenzake. Chai iliyokuwa motoni ikafurika, ikazima jiko, na watu wazima bado wameinama. Mwishowe Everline akachungulia, akawakuta wote wanachungulia. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Kisha karatasi zikazunguka, kimya. Wandera alitoka jasho. Maneno yalimjaa mashavuni kama githeri ya moto, mahindi kwa maharagwe. Lakini karatasi moja ilipomfikia aliisoma, akairudia, akasahau sheria.

"Jameni! Chumba cha kulea watoto wetu, na sisi wenyewe tunawaangalia kwa zamu! Nani ameandika hii? Huyu ndiye mtu wa kutuongoza!"

Chini ya wazo hilo wenzake walikuwa wameshaongeza mikeka, choo kidogo, uji wa saa nne. Everline aliuona mpango umekamilika mbele yake, akataka kulia kwa furaha.

"Ni mimi," akasema Mukai, muuza sukuma wiki. Mukai ni mke wa Wandera.

"Wewe? Na mbona hujawahi kuniambia?"

"Nimekuambia tangu mwaka juzi, Baba Masinde. Ulikuwa unaongea."

Watu wakaangua kicheko. Everline hakucheka, maana alimjua Wandera kwa hasira zake, akahofia mpango ungevunjika hapo hapo.

Wandera alimtazama mkewe kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Basi kesho ofisini utaenda kusema wewe," akamwambia kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Mimi nitakushikia mkoba."