Alijifungulia Njiani

Walinipa kazi ile kwa sababu ninajua Kisukuma cha ndani na ninachapa haraka. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya kupanga hapa Bariadi, karibu na stendi. Wachapaji tulikaa kwenye meza moja ndefu, kila mtu na kompyuta yake na hedifoni zake. Vijana wa utafiti walikuwa wamezunguka vijiji vya Meatu wakiwarekodi wanawake kuhusu uzazi. Sisi tulisikiliza sauti zile na kuzichapa kwa Kiswahili. Kwenye semina tuliambiwa: neno kwa neno, hata kikohozi.

Kuna mama mmoja wa kijiji cha Kimali sijamsahau. Sura yake siijui. Ninaijua sauti tu, nzito kidogo, sauti ya mtu asiyepoteza maneno. Kijana wa utafiti alimuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mtoto wako wa mwisho ulijifungulia wapi?"

Akasema uchungu ulimshika akipalilia pamba. Zahanati ilikuwa imefungwa, mhudumu kaenda kikaoni. Mume wake akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakaanza safari ya Mwandoya, kwenye kituo cha afya. Wakakuta korongo limejaa. Walikaa pale wakisubiri maji yapungue, na mtoto akatoka palepale, juu ya mkokoteni, mvua inanyesha. Akalia mara moja. Hakulia tena.

Baada ya hapo kwenye sauti kulikuwa na kuku tu, na mtu anatwanga kwa mbali. Halafu yule kijana akasema, "Pole, mayu. Tuendelee. Choo mnacho?"

Nilivua hedifoni nikatoka nje. Niliporudi nilichapa yote, pamoja na hilo swali la choo.

Msimamizi wetu alikuwa mwanamke wa makamo, msomi, mwenye sauti ya upole sana. Tulimwita madam. Aliisoma kazi yangu akaja mpaka mezani.

"Dodoso lina majibu matatu," akasema. "Nyumbani, zahanati, hospitali. Hili lako litaingia wapi?"

"Njiani, madam."

"Njiani haipo. Weka nyumbani."

"Lakini nyumbani aliondoka. Hiyo ndiyo habari yenyewe."

"Usinifundishe kazi. Weka nyumbani, na hayo mengine fupisha."

Nikamwambia siweki. Akaniomba nimpishe, akakaa kwenye kiti changu, mimi nimesimama nyuma yake. Akafuta korongo. Akafuta mkokoteni. Akafuta mvua. Alipomaliza akanisogezea karatasi ya kuthibitisha kwamba maandishi yanalingana na sauti. Mwenzangu wa pembeni alinong'ona, "Saini, dada, kesho utataka kazi nyingine." Sikusaini. Nikachukua mkoba wangu nikaenda nyumbani.

Siku ya mrejesho wa utafiti sikualikwa. Nilipata habari kwa huyo mwenzangu, nikaingia ukumbini nikakaa nyuma. Mtoa mada akasoma maandishi yaliyomulikwa ukutani, kwa sauti kubwa: wanawake wa vijijini bado wanapendelea kujifungulia nyumbani, hivyo wanahitaji elimu.

Wanapendelea! Nilisimama kabla sijaitwa.

"Yuko mama wa Kimali ambaye hakupendelea," nikasema. "Alikuta mlango wa zahanati umefungwa." Nikaanza kuwaeleza, na katikati Kiswahili kikaniishia, nikamalizia kwa Kisukuma. Mabibi afya waliotoka vijijini waliinamisha vichwa. Wa meza ya mbele walikuwa wanaangalia simu.

"Tunashukuru kwa mchango mzuri," akasema mwendesha kikao. "Tumeupokea. Kwa sababu ya muda, tuelekee kwenye chai."

Wakaelekea kwenye chai. Madam alinipita mlangoni ameshika sahani ya sambusa. "Umenidhalilisha mbele ya wageni," akasema, kwa upole uleule.

"Bado hujadhalilika vya kutosha," nikamjibu, na sijawahi kulijutia neno hilo.

Hawakuniita tena. Sasa ninachapa kadi za harusi na barua za maombi ya kazi kwenye duka la steshenari. Ripoti yao niliiona baadaye, mteja mmoja ameileta atolewe kopi. Kwenye jalada kuna mama anacheka, amebeba mtoto mnene. Niliiweka kwenye mashine kurasa zikiangalia chini, nikabonyeza kitufe kwa nguvu mpaka mteja akaniuliza, "Dada, kuna tatizo?"

"Lipo," nikamwambia. Nikamweleza lote, amesimama pale kaunta, kopi zinatoka.