Baba mkwe alipoikagua okidi yangu

Walimu wenzangu, nimebandika hii hapa ubaoni kwa sababu naingia darasani na nahitaji ushauri wenu upesi.

Okidi, lile ua nililoagiza Lushoto, imefika asubuhi kwa treni. Siku tatu ndani ya boksi!

Nikaikagua. Majani yamesimama, mizizi migumu, shina halijaoza. Nikashukuru Mungu, nikaiweka dirishani, nikaja kazini.

Mchana narudi kula, namkuta baba mkwe uani. Alileta ng'ombe mnadani, akapita kutusalimu.

"Mama Kabula, nasikia umepokea mgeni. Lete nimwone."

Mnajua baba mkwe habishiwi. Nikaitoa okidi dirishani, nikaiweka kwenye kigoda, nikarudi nyuma, macho chini.

Mzee akaikagua kama ndama! Akainusa. Akaipindua, mizizi juu. (Moyo wangu!) Akapitisha kidole chini ya majani, jani moja moja, taratibu.

Nilitaka kupiga kelele. 

Kidole kikasimama.

"Kupe."

Nusura nicheke. Kupe kwenye ua? Nikachungulia. Vidudu bapa vya kahawia vimeng'ang'ania jani, vinafyonza. Mimi na kitabu changu cha maua tulitazama juu ya majani tu!

"Si neno," akasema, "wanatoka. Ilimradi hujamchanganya na wenzake. Mgeni halali zizi moja na wenyeji."



Pale dirishani pana okidi sita alizoniachia marehemu mama. Asubuhi niliibana katikati yao, majani yanagusana.

"Mama Kabula? Hujamchanganya?"

Nimekimbilia kipindi cha saa nane bila kumjibu. Bado amekaa uani, ananisubiri.

Andikeni hapo chini, jamani. Nirudi nimwambie nini?