Mama na Miamba ya Ziwa

Mama mdogo aliolewa Mpulungu, ng'ambo ya mpaka, kando ya Ziwa Tanganyika. Tulipomtembelea kutoka Tunduma, mumewe alituazimia kayaki. Mama, mkulima wa kahawa asiyejua kuogelea, alikaa mbele yangu, kasia amelishika kama jembe. Penye miamba maji yalikuwa maangavu hata samaki wakaonekana chini.

"Mwanangu, tusirudi haraka," alisema.

Nikaacha kupiga kasia. Mama akatia mkono majini, akaanza kuimba wimbo wa kwaya polepole.

Mwaka uliofuata aliugua, tukamzika nyumbani Mbozi. Bado naenda Mpulungu, lakini kayaki sipandi. Nakaa ufukweni na mama mdogo. Sauti yake inafanana sana na ya mama, nami namwomba aendelee tu kuongea.