Mwanamke Aliyenishinda kwa Mstari

Watu wakinisikia nikibishana juu ya wanasiasa hudhani sifa za kiongozi bora nilizisoma vitabuni. Nimesoma, sikatai, na nimesoma kuliko wengi. Lakini sifa ninayoiweka mbele ya zote nilijifunza katika mtaa wa Kisugu, Kampala, nikiwa na matope mpaka magotini, kutoka kwa mtu aliyenishinda.

Nilirudi Kampala kutoka uhamishoni miezi michache baada ya vita vya msituni kwisha, na mke wangu niliyemwoa Nairobi, watoto wawili, wa tatu akiwa tumboni, pamoja na diploma ya ujenzi. Diploma ile sikupewa na mjomba wala chama. Mchana nilibeba zege, jioni nikaingia darasani, na ada nikajilipia mwenyewe. Wenzangu wengi walirudi na hadithi. Mimi nilirudi na karatasi yenye muhuri, nikaitia kwenye fremu na kuitundika pale ambapo mgeni akikaa lazima aione.

Mwaka uliofuata mtaa wetu uliambiwa uchague mwenyekiti wake. Hakukuwa na sanduku wala karatasi za kura. Wagombea walisimama uwanjani na kila mtu akajipanga nyuma ya anayemtaka. Mgombea hakuruhusiwa kugeuka mpaka hesabu iishe, asije akawatisha watu kwa macho.

Niligombea. Nani mwingine agombee? Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Mabomba yalikuwa yamekauka tangu zamani, na wote tulitegemea chemchemi moja bondeni iliyogeuka tope. Kila mvua iliponyesha watoto waliharisha. Mtaani hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kujengea chemchemi. Mpinzani wangu alikuwa mjane wa askari, mama wa kutoka kaskazini, aliyekaanga mihogo kando ya barabara ya kwenda Kabalagala. Shule ya msingi hakuimaliza, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini.

Nilihutubia karibu nusu saa. Nilieleza changarawe, ukuta wa mawe, bomba la kutolea maji, kila kitu. Watu walipiga makofi. Yeye alisimama akasema, "Mimi mukinichagua, tunatengeneza maji. Namna ya kutengeneza mimi sijui. Tutatafuta mwenye kujua." Akakaa.

Tulipowapa watu migongo nilisikia nyayo nyingi nyuma yangu, nikaamini ni zangu. Jirani yangu, fundi redio Mkenya, alininong'oneza, "Simama kama mwanamume, mwenyekiti. Tuko nyuma yako." Nilipoambiwa nigeuke nilimwona fundi huyo, pamoja na mwenye nyumba wangu na wazee wachache. Mstari wa yule mama ulikuwa umezunguka uwanja mpaka kwenye ukuta wa kanisa. Katikati yake, mtoto mgongoni, alisimama mke wangu.

"Ssebo!" mtu akaniita bwana kwa Kiganda, kwa sauti. "Hata mama watoto amekukimbia!"

Uwanja mzima ulicheka. Nyumbani sikuvua hata viatu.

"Umeniaibisha mbele ya Kisugu nzima."

"Baba watoto, tangu tuje hapa umeshuka kisimani mara ngapi?"

"Mimi ni mtu wa ramani."

"Basi mimi ndiye nashuka. Nilipokuwa na mimba ya miezi minane yule mama alinitoa mwisho wa foleni akaniweka mbele. Watu wakafoka. Akawaambia anayetaka kupigana aanze na yeye. Wewe ungefanya nini?"

"Ningeweka utaratibu."

"Siku ile nilitaka maji," akasema, akaenda kumlaza mtoto.

Kesho yake asubuhi mjane alibisha hodi. Aliitazama fremu ukutani kwa muda.

"Injinia, hiyo kazi ya maji unaijua kweli?"

"Naijua."

"Basi twende. Mimi nakusanya watu, wewe unaamuru. Na mimi uniamuru."

Nataka niseme kweli: nilitamani kukataa. Nilitaka chemchemi ibaki tope mpaka mtaa uje kunibembeleza. Lakini mtoto wangu mchanga alikuwa anaharisha wiki ile, na mke wangu alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia. Nilitoa sharti moja tu, awatangazie watu kwamba mtaalamu ni mimi. Nilidhani atasita. Jumamosi, mbele ya wote, alisema, "Huyu ndiyo mkubwa wa kazi. Akisema chimba, tunachimba." Kisha akavua kandambili akachimba. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja. Mimi nilisimama na kamba ya kupimia, na mwenyekiti wa mtaa akabeba mawe kichwani kwa amri yangu.

Jumamosi ya tatu maji yalitoka kwenye bomba, meupe, bila hata unyasi. Watu walipiga vigelegele. Mwanamke mmoja akasogeza dumu lake. Likagonga bomba. Akalilaza, maji yakamwagika nje.

Bomba lilikuwa chini mno. Nairobi tulikuwa na mfereji wa bomba uani na tulikinga kwa ndoo, kwa hiyo nilipima kimo cha ndoo bila kufikiri mara mbili. Kampala ile kila mtu alichota kwa dumu la njano la lita ishirini, refu kuliko ndoo, na mimi, mtu wa ramani, sikuwa nimewahi kulibeba hata moja.

"Diploma ya ndoo!" mtu akaguta. Kicheko kilipanda bonde lote. Nilihisi jina langu linazama palepale, jina nililolijenga kwa zege na usiku wa kusoma.

Mjane alipanda juu ya ukuta. "Munyamaze! Mwenyekiti ni nani? Ni mimi. Kazi ikiharibika, imeharibika kwangu. Jumamosi ijayo tunarekebisha."

Hakunitazama hata kidogo. Angeweza kuniacha pale nichekwe, na uchaguzi ujao asingekuwa na mpinzani. Katika hotuba yangu ya nusu saa nilikuwa nimetaja mawe, bomba na changarawe, lakini sikuwa nimesema lawama zitabebwa na nani. Tangu siku ile, mwanasiasa akianza kuniahidi mambo, hilo ndilo ninalongoja kusikia kwanza, na mara nyingi naondoka sijalisikia.

Nilipanda ukutani nikasimama kando yake.

"Kosa si la mwenyekiti," nikasema. "Nilipima kwa ndoo. Na hatungoji Jumamosi. Leteni majembe, tushushe sakafu."

Safari hii na mimi nilichimba. Fundi redio aliniambia mikono yangu ni ya karani, nikamwonyesha mikono iliyobeba zege Nairobi inavyoshika jembe. Kabla jua halijatua dumu lilisimama wima chini ya bomba likajaa mpaka mdomoni. Mke wangu alijitwika lake, akanipita, akaniambia nisichelewe chakula.

Mwenyekiti alikuwa ananawa miguu.

"Injinia, na mitaro ya barabara ya juu, ile inayoingiza maji ya mvua nyumbani kwa watu, unaiweza?"

"Kuliko mtu yeyote Kampala," nikamjibu. Tukapanda mlima huku nikimweleza upana unaofaa, naye akiniuliza kila hatua.