Sketi ya Fundi Jicho

Siku ile mdogo wangu alibana pumzi ndani ya ofisi ya ustawi wa jamii mpaka machozi yakamlenga. Mimi nikaharibu kila kitu.

Tulieni niwasimulie.

Baba yangu ni fundi cherehani. Wateja wanamwita Fundi Jicho. Futi ya kupimia inaning'inia shingoni kama pambo tu. Akikutupia jicho mara moja anataja kiuno, bega na urefu, na hakosei.

Tangu niko darasa la sita, kila Jumamosi, yeye anataja, mimi naandika daftarini. Tarehe, mteja, vipimo. Aliniita mkono wake wa kulia. Nilivimba kichwa, sifichi.

Alipoachana na mama akahama, mdogo wangu alikuwa na miaka mitano; mimi peke yangu niliendelea kwenda kibandani kwake kila Jumamosi. Miaka mitatu ikapita, matunzo hamna. Mama akaenda ustawi.

Siku baba alipoitwa tulikwenda sote, na afisa akamuuliza, "Kwa mwezi unaingiza kiasi gani?"

"Dada yangu, mimi sina mshahara. Nabandika viraka. Mwezi ukiwa mzuri sana, wateja watano."

"Una kumbukumbu zozote?"

"Fundi wa kibandani aweke kumbukumbu?" Akacheka. Hakunitazama. Alijua nitanyamaza.

"Ila mwanangu simtupi," akaongeza. "Pesa sina, mikono ninayo."

Akatoa kwenye mfuko aliokuja nao sketi mpya ya shule, marinda yamenyooka utadhani yamechorwa.

Mdogo wangu akakimbia nayo nyuma ya pazia. Akarudi ameshika kiuno kwa mikono miwili. Zipu imegoma katikati.

"Imenitosha, baba," akasema. "Nikipumua kidogo kidogo."

Mama akainamisha kichwa.

Daftari nilikuwa nalo mkobani. Nilikuwa nimejiapiza sitalitoa.

Nikalitoa.

Afisa akahesabu wateja wa mwezi uliopita tu. Arobaini na mmoja. Suti, magauni, sare za kwaya nzima.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

Baba akanigeukia. "Hata wewe, mkono wangu?"

Afisa alikuwa amerudi kurasa za mwanzo kabisa, akakuta jina la mdogo wangu. Kiuno, inchi ishirini. Tarehe ya wiki ile baba alipohama.

Ndivyo vipimo baba alivyoshonea ile sketi.

Mtu anayekupima ukiwa ng'ambo ya barabara, mwanawe alimshonea kwa kufungua daftari. Miaka mitatu hakuwa amemtazama.

Siku hizi analipa alichopangiwa. Ila hanisemeshi, na daftari anaandika mtu mwingine.

Shangazi hachoki kupiga simu. "Mwombe baba yako radhi, mwanangu. Umemvua nguo mbele za watu."

Ninyi mliojiajiri, mnaosema kipato chenu hakijulikani: mtoto anakua hata mwezi mliouita mbaya.

Nampenda baba. Jumamosi ikifika sijui mikono niipeleke wapi.

Radhi siombi.